Chanjo kwa Ajili ya Jirani: Kumzuia Mbu Asiondoke na Malaria

Hotuba kwa wazazi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Bagamoyo

Ndugu Mwenyekiti wa mkutano huu, wazee wetu, viongozi wa dini, walimu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: Assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nilipokuwa nikiingia hapa, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinisimamisha mlangoni akaniuliza kama ni kweli kwamba inatafutwa chanjo ya malaria ambayo mtu akishachanjwa bado anaweza kuugua malaria kama kawaida. Nilimjibu kwamba ni kweli. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa hiyo itamsaidia nini mwanangu?" Nimeona niyaweke kando baadhi ya maneno niliyokuwa nimeyaandaa, nijibu swali hilo, kwa sababu katika jambo zima lililonileta hapa sioni swali lililo zito kuliko hilo, na kwa sababu anayekwenda kumwomba mzazi mkono wa mtoto wake uchomwe sindano anawajibika kumjibu mzazi huyo kabla ya kumjibu mtu mwingine yeyote.

Ninyi wa Bagamoyo si wageni wa chanjo za malaria. Majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S yalipoanza mwaka 2009, hapa palikuwa miongoni mwa vituo vyake, pamoja na Korogwe na sehemu nyingine za Afrika. Chanjo ya R21 nayo ilijaribiwa hapa, sambamba na Kilifi kwa jirani zetu wa Kenya, na huko Burkina Faso na Mali. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matumizi ya RTS,S mwezi Oktoba 2021 na ya R21 mwezi Oktoba 2023, na nyuma ya tarehe hizo mbili wapo wazazi wa wilaya hii waliokubali watoto wao wachanjwe, wapimwe na kufuatiliwa miezi na miaka, kabla dunia haijajua jibu litakuwa lipi. Sitaki nipite hapo bila kusema asanteni.

Chanjo hizo mbili zinalinda mlango wa kuingilia. Mbu anapouma, huingiza mwilini vimelea vichache vyembamba kama nyuzi, ambavyo hukimbilia kwenye ini, na RTS,S na R21 huufundisha mwili kuvikamata kabla havijafika huko au havijakomaa humo. Ipo pia chanjo ya RH5, ambayo nayo imepita katika mikono ya watafiti na wazazi wa Bagamoyo, na hiyo inalenga hatua inayofuata, pale vimelea vinapotaka kuingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu. Zote hizo humlinda aliyechanjwa. Ninayotaka kuizungumzia leo inalinda mlango wa kutokea. Inamwacha kimelea alipo katika mwili wa mtu, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba mbu atakayemuuma mtu huyo hataondoka na ugonjwa wa kumpelekea mwingine.

Ili tuelewane, inabidi tumfuate kimelea safari yake yote, na naomba mnivumilie kwa sababu safari hiyo ndiyo yenye jibu.

Kimelea akishatoka kwenye ini na kuingia kwenye damu, huzaliana ndani ya chembechembe nyekundu mpaka idadi ya vimelea katika mwili wa mgonjwa mmoja ikafika mabilioni. Hao ndio wanaoleta homa, upungufu wa damu na degedege. Lakini hao wanaotuumiza hawawezi kumwambukiza mbu. Wakiingia tumboni mwake humeng'enywa pamoja na damu, na habari yao inaishia hapo. Wanaoweza kuendelea ni kundi dogo tu ambalo hubadilika na kuwa vimelea vya uzazi, vya kiume na vya kike, ambavyo wataalamu huviita gametosaiti. Katika aina ya malaria inayoua zaidi Afrika, gametosaiti huchukua siku kama 10 hadi 12 kukomaa, sehemu kubwa ya muda huo zikiwa zimejificha ndani ya uboho wa mifupa, kisha hutoka na kuzunguka katika damu zikisubiri. Hazimletei mtu homa wala maumivu. Zinamsubiri mbu.

Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapokuja, hufyonza kiasi cha damu kilicho kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Damu hiyo ikishaingia tumboni mwake, gametosaiti hutambua kwamba zimetoka kwa binadamu, kwa sababu joto limeshuka na zimekutana na kemikali zilizomo ndani ya mbu. Katika muda wa kama robo saa, gametosaiti ya kiume hupasuka na kutoa mikia inayopigapiga, ambayo yaweza kufika minane, kila mmoja ukitafuta ya kike ya kurutubisha. Daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, aliiona mikia hiyo katika damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Algeria, tarehe 6 Novemba 1880, na kwa kuiona ikicheza alijua kwamba anatazama kiumbe hai. Lakini ilichukua miaka 17 mpaka William MacCallum, akichunguza malaria ya ndege, alipotambua kwamba mikia ile ilikuwa ni tendo la uzazi. Mwaka huohuo wa 1897, Ronald Ross akiwa India alimpasua mbu aliyekuwa amemnyonya mgonjwa, akakuta kimelea kikikua kwenye ukuta wa tumbo lake.

Baada ya kurutubishwa, katika muda wa siku moja hivi, kimelea kipya hupenya ukuta wa utumbo wa mbu na kujenga upande wa pili kifuko kidogo kiitwacho oosisti. Ndani ya kifuko hicho kimoja, kwa wiki moja mpaka mbili, huzaliwa maelfu ya vimelea vinavyohamia kwenye tezi za mate, tayari kuingizwa kwa mtu mwingine.

Hesabu ya safari hiyo inastaajabisha. Ndani ya mtu kuna mabilioni. Katika tone alilonyonya mbu kuna gametosaiti chache. Na ukiwakamata mbu wenye maambukizi katika vijiji vyetu ukawapasua, mara nyingi utakuta kila mmoja ana oosisti moja, mbili, au chache tu. Hakuna mahali pengine katika maisha yake yote ambapo kimelea wa malaria ni wachache kiasi hicho. Sisi kwa miaka mingi tumekuwa tukipigana naye mahali anapohesabiwa kwa mabilioni, na kupigana huko ni lazima kwa sababu mgonjwa hawezi kuachwa. Lakini mahali anapoweza kuzimwa kwa kuondolewa mmoja au wawili ni ndani ya tumbo la mbu.

Ndipo linapokuja wazo la chanjo hii, ambalo mimi kila nikilieleza bado hulistaajabia. Mwili wa mtu aliyechanjwa hutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili dhidi ya vimelea, zinazozitambua protini zilizo juu ya gametosaiti, au juu ya kimelea aliyekwisha kurutubishwa. Mbu anapofyonza damu, anafyonza kingamwili hizo pamoja na vimelea. Zinaingia naye tumboni, na kule, nje ya mwili wa mwenye damu, zinaendelea na kazi: zinaizuia ya kiume isiifikie ya kike, au zinamzuia aliyerutubishwa asipenye ukuta wa utumbo. Mbu anaruka akiwa ameshiba, lakini malaria imebaki nyuma.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1976, huko Marekani, Robert Gwadz kwa upande wake, na Richard Carter pamoja na David Chen kwa upande wao, walionyesha kwamba kuku waliochanjwa kwa vimelea vya uzazi vya malaria ya kuku waliweza kunyonywa na mbu, na mbu wale wasipate maambukizi au wayapate kidogo sana. Ni karibu miaka 50 sasa. Mnayo haki ya kuuliza kwa nini kuku wamekingiwa mbu wao tangu wakati huo na sisi bado tunasubiri.

Sababu moja ni kwamba protini zinazolengwa ni ngumu kutengeneza kiwandani zikabaki na umbo lake la asili, na umbo likipotea, kingamwili zinazopatikana hazimtambui kimelea wa kweli. Sababu nyingine ni udhaifu wa kinga iliyopatikana. Protini iliyochunguzwa kwa muda mrefu zaidi inaitwa Pfs25, na hutokea juu ya kimelea akiwa ndani ya mbu tu. Kwa kuwa mwili wa binadamu haukutani nayo kamwe katika maambukizi ya kawaida, mtu akishachanjwa hakuna kitakachomkumbusha mwili wake somo lile. Katika majaribio yaliyofanyika Mali, ambako watafiti wa Bamako wameshirikiana kwa miaka mingi na wenzao wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kingamwili za Pfs25 zilipatikana na zilizuia maambukizi, lakini zilihitaji dozi nyingi na zilishuka baada ya miezi michache. Jaribio lingine la awali, lililochapishwa mwaka 2008, lilisimamishwa kwa sababu kiambato kilichochanganywa na chanjo kuiongezea nguvu kiliwaletea baadhi ya waliojitolea madhara yasiyokubalika. Nayataja haya kwa makusudi. Mtu anayekueleza chanjo inayotafutwa bila kukutajia zilizoshindwa hajakueleza.

Matumaini ya sasa yameelekea zaidi kwenye protini nyingine mbili, Pfs230 na Pfs48/45, ambazo zipo juu ya gametosaiti zikiwa bado ndani ya damu ya mtu. Baadhi ya watu wanaoishi maeneo yenye malaria wana kingamwili za asili dhidi ya protini hizi, na hilo linaashiria kwamba maambukizi ya kawaida yanaweza kuikumbusha kinga iliyoanzishwa na chanjo. Chanjo yenye kipande cha Pfs230 imejaribiwa huko Mali na kuonyesha nguvu kubwa kuliko ile ya Pfs25. Yenye Pfs48/45 imejaribiwa kwa watu Uholanzi na Burkina Faso. Hakuna hata moja iliyokwisha kuidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, kwa hiyo akija mtu mtaani akasema anayo, mfikisheni kwa mamlaka.

Mtaniuliza inapimwaje chanjo isiyomzuia mtu kuugua. Hupimwa kwa mbu. Damu huwekwa ndani ya kikombe cha kioo kilichopashwa joto na kufunikwa kwa utando mwembamba mfano wa ngozi, mbu waliofugwa maabara wakiwa safi hunyonya kupitia utando huo, na baada ya wiki moja hivi mbu mmoja mmoja hupasuliwa chini ya hadubini, zikahesabiwa oosisti. Huko Mali wapo watu wazima waliojitolea kukaa na vikombe vya mbu safi juu ya ngozi zao, mbu wakawanyonya moja kwa moja, ili ijulikane kama damu yao inaambukiza. Nawaheshimu sana watu hao. Lakini kipimo cha mwisho hakitakuwa cha maabara. Kitakuwa ni kuchanja vijiji na kuvilinganisha na vijiji ambavyo havijachanjwa, na kuona kama idadi ya watoto wanaoambukizwa imepungua, kwa kuwa faida ya chanjo hii haionekani ndani ya mtu mmoja.

Sasa niseme kwa nini naiona kuwa inatuhusu sisi hapa, tena haraka.

Wanaoibeba malaria na kuipeleka mbele si wagonjwa waliolala. Aliyelala ana homa, anapelekwa zahanati, anapimwa, anapewa dawa mseto. Utafiti uliofanywa Nagongera, mashariki mwa Uganda, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya maambukizi ya mbu yalitoka kwa watoto wa kati ya miaka 5 na 15, na karibu yote yalitoka kwa watu wasiokuwa na dalili yoyote. Ni mtoto wa darasa la tatu anayecheza mpira jioni, anakula vizuri, anafaulu mitihani, na katika damu yake kuna gametosaiti. Mama yake hana sababu ya kumpeleka hospitali. Analala bila chandarua kwa sababu chandarua kimeachwa kwa mdogo wake, jambo ambalo mzazi yeyote angelifanya. Hata aliyetibiwa, dawa mseto humwondolea homa upesi lakini haizimalizi papo hapo gametosaiti zilizokwisha kukomaa, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2012 limependekeza dozi moja ndogo ya primakwini, dawa inayoziua gametosaiti hizo, iongezwe kwenye matibabu katika maeneo yanayokaribia kutokomeza malaria au yenye tishio la usugu wa dawa.

Na usugu umeshabisha hodi. Vimelea vilivyopunguza utii kwa artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, vimethibitishwa Rwanda, Uganda, na hapa kwetu mkoani Kagera. Mbu wamezizoea dawa za kundi la pairethroidi zinazotumika kwenye vyandarua. Nchi yetu imefanya kazi kubwa: maambukizi kwa watoto walio chini ya miaka mitano yalikuwa asilimia 18 mwaka 2008, na kufikia mwaka 2022 yalikuwa yameshuka mpaka asilimia 8. Lakini mwaka 2023 peke yake malaria iliua watu takriban 597,000 duniani, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika. Tazameni pia ng'ambo ya mkondo huu wa bahari. Zanzibar kwa zaidi ya miaka kumi imeishi na maambukizi yaliyo chini ya asilimia moja, na bado haijaimaliza malaria, kwa sababu watu wanaovuka kila siku kwa boti na majahazi huvuka na vimelea vyao wakiwa wazima kabisa. Mahali kama hapo, ambapo wagonjwa wamebaki wachache na mbu wamebaki tele, ndipo chanjo ya kufunga mlango wa kutokea ingefanya kazi yake kwa ubora.

Narudi kwa mama na swali lake.

Chanjo hii ikitumika peke yake haitamzuia mwanao asiugue akiumwa na mbu aliyekwisha kuambukizwa. Inachofanya ni kuwapunguza mbu wa namna hiyo. Mwanao akichanjwa, anayelindwa moja kwa moja ni mtoto wa jirani. Na mtoto wa jirani akichanjwa, anayelindwa ni mwanao. Mbu wetu kwa kawaida hawasafiri mbali, wengi huzunguka katika nyumba zilezile za mtaa, kwa hiyo jirani ninayemsema ni yule mnayeazimana chumvi. Akichanjwa mmoja, faida yake ni ndogo mno. Ukichanjwa mtaa mzima, watoto wa shule na watu wazima pamoja, kila nyumba inapata mbu pungufu wenye malaria.

Jambo hili si geni katika maisha yetu. Wengi wenu mmetoka kwenye msaragambo wa kulima barabara isiyopita mlangoni kwenu. Na mwaka 2014 taifa hili lilianza chanjo ya surua na rubela kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Rubela kwa mvulana ni vipele na homa ya siku chache. Tulimchanja pia yeye kwa sababu akiipeleka nyumbani kwa mama mjamzito, aliyeko tumboni anaweza kuzaliwa akiwa kiziwi, au na mtoto wa jicho, au na moyo wenye kasoro. Maelfu ya wazazi walinyoosha mikono ya watoto wao wa kiume kwa ajili ya watoto wa wengine ambao walikuwa hawajazaliwa. Sidhani kama wote walielezwa hivyo, na hapo ndipo penye wasiwasi wangu.

Nawaambia wahudumu wa afya mliopo hapa, na nawaambia watafiti wenzangu: chanjo hii ikifika, tusiipeleke kwa watu tukiiita tu chanjo ya malaria kisha tukanyamaza. Mzazi atachanja, mtoto ataugua baada ya miezi miwili, na mzazi huyo ataona amedanganywa. Atakuwa na haki. Hatakataa dozi inayofuata ya chanjo hiyo peke yake. Atakataa ya surua, ya polio na ya kifaduro, na jirani zake watamsikiliza yeye kabla ya kutusikiliza sisi. Imani ya wazazi ilijengwa kwa miaka mingi na wauguzi waliotembea kwa miguu wakiwa na kasha la barafu begani, na hatuna ruhusa ya kuitumia kwa neno la nusu.

Kwa sababu hiyohiyo, usalama wake inabidi upimwe kwa ukali zaidi. Mgonjwa hukubali uchungu wa dawa kwa sababu inamponya yeye. Anayepokea sindano kwa ajili ya wengine hapaswi kuombwa avumilie zaidi ya mkono kuuma siku moja au mbili. Binafsi naona njia yenye haki zaidi ni kuichanganya na chanjo inayomlinda mwenyewe, mfano R21, ili kila anayeingia kwenye foleni atoke na kinga yake na ya jirani yake kwa pamoja. Na wapo watafiti wanaolifanyia kazi jambo hilo. Tutahitaji pia njia nyingine ya kuwafikia watu, maana kliniki ya mama na mtoto inawaona watoto wachanga, na wanaobeba gametosaiti kwa wingi wako darasani. Walimu mlioko hapa, kazi hiyo itawaangukia ninyi.

Vyandarua viendelee kutumika, vipimo viendelee, na dawa zimalizwe kama zilivyoandikwa hata homa ikiwa imepoa siku ya pili.

Mtafiti yeyote akija mlangoni kwenu na karatasi ya kutia sahihi, mwulizeni alichoniuliza mama huyu, kwa maneno yaleyale. Akijibu kwamba itamkinga mwanao asiugue malaria, na chanjo aliyonayo ni hii peke yake, mrudishieni karatasi yake. Akikaa chini, akaeleza habari ya mbu na ya mtoto wa jirani, akasema na madhara yaliyowahi kuonekana, akawapa muda wa kwenda kushauriana nyumbani, huyo msikilizeni, mkubali au mkatae mkiwa mnajua.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, kwa ruhusa yako, naomba maswali yaanzie kwa mama yule aliyekaa karibu na mlango, kwa maana nadhani sijamaliza kumjibu.